Mguu wa Kushoto wa Nosim

Karatu hii usiombe uwe mwanamke mwenye mguu mkubwa. Utatafuta kiatu mpaka useme basi. Duka la kwanza pale karibu na stendi utaambiwa za kike zinaishia arobaini na moja, dada. La pili watakuambia hivyo hivyo, ila huyu atakuangalia miguu kwanza ndipo akuangalie usoni. La tatu muuzaji atacheka waziwazi na kukuonyesha rafu ya wanaume. Nosim alikuwa ameshapita yote, na kila mahali alisema kiatu si chake, anamnunulia dada yake aliyeko Loliondo. Mguu wake ulikuwa unaingia arobaini na nne, na siku ya joto hata hiyo ilimbana.

Nosim alikuwa msusi kwenye saluni ya Doreen, nyuma ya gereji za barabara ya kwenda geti la Ngorongoro. Alizaliwa Arash, kwa wafugaji, na waliompokea walisema ni mtoto wa kiume. Baba yake akampa jina. Jina hilo usiniulize, mwenyewe halitaki na mimi silisemi. Kusuka alijifunza akiwa morani, maana kule morani ndio wanaosukana nywele ndefu, wanakaa mchana kutwa wakivutana vichwa. Kwamba yeye ni mwanamke alilijua tangu akichunga mbuzi, akawa analijua peke yake. Walipoanza kumtafutia mke, akaondoka. Akakaa Mto wa Mbu miaka kadhaa, na alipopanda kuja Karatu alikuja na gauni, na wigi, na jina la bibi yake.

Doreen alimtambua wiki ile ile ya kwanza. Hakusema neno, akamwonyesha kiti cha kusukia na kumwambia wateja wa asubuhi wanapenda chai. Wengine mjini walimjua kama Nosim, yule dada mrefu wa saluni, basi.

Kule Arash mguu haukuwahi kumpa shida. Wote wanavaa katambuga, baba, mama na watoto, na tairi la gari halina la kike wala la kiume. Shida ya mguu aliikuta mjini.

Sasa Doreen akapata mchumba, Edgar, dereva wa watalii, na kwao Doreen, Machame, wakakubali sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ifanyike hapa hapa Karatu. Doreen akasema Nosim ndiye atakayetangulia wapambe wenzake na kumshika mkono kuingia ukumbini. "Wewe ndiye ndugu niliyempata huku," alimwambia, na Nosim akalia mpaka wanja ukamshuka mashavuni. Hakuwahi kuitwa ndugu na mtu yeyote tangu atoke kwao.

Mambo ya sare aliyashika Angelina, dada mkubwa wa Doreen, mwanamke asiyetaka mchezo. Gauni moja, hereni moja, viatu vya aina moja, na viatu atavifuata mwenyewe Arusha. Kupima miguu wakafanya kama ilivyozoeleka, kila mpambe akavunja njiti ya fagio urefu wa unyayo wake na kuifungia kikaratasi chenye jina. Walikaa sakafuni pale saluni, wamevua viatu, wanataniana. Nosim alipouweka mguu wake kando ya njiti, Angelina aliguna.

"Mh! Huo mguu au pasi ya mkaa?"

Wote wakacheka. Nosim naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote. Na wakati wanacheka, akaivunja ncha ya njiti yake, kipande kidogo tu, akakificha chini ya paja. Ukimuuliza kwa nini, atakuambia mkono ulifanya wenyewe. Ujinga gani huo jamani! Tangu lini mguu ukapungua kwa kuvunja fagio?

Viatu vilipokuja vilikuwa vizuri vya kuumiza roho. Rangi ya dhahabu, kisigino kifupi, mkanda mwembamba wa kufunga kwenye kifundo. Nosim akaenda navyo chumba cha nyuma, akajifungia. Vidole viliingia vimekunjamana na kisigino kikabaki nje kinaning'inia. Alijaribu kwa mafuta ya nazi, akajaribu na mfuko wa nailoni, na Doreen alipogonga mlango alimkuta amekaa juu ya ndoo, kiatu kimekwama katikati ya mguu.

"Kwani ulikuwa unamdanganya nani?" Doreen aliuliza. "Mimi?"

"Angelina."

"Angelina ndiye atakayevivaa?" Doreen akashika kiuno. "Basi sikiliza. Nabadilisha. Wapambe wote watavaa ndala, sendofu ni yangu, nani atanifanya nini?"

"Angelina atauliza kwa nini. Shangazi zako nao watauliza. Wataniangalia miguu, Doreen. Wakishamaliza miguu watapanda juu."

Doreen alijua ni kweli. Nosim alishaona kule Mto wa Mbu dada mmoja kama yeye alivyovuliwa nguo barabarani mchana kweupe, na ilianza na mtu mmoja tu kumtazama mikono. Akijitoa kwenye upambe, wataanza kuuliza. Akienda na raba zake za kiume chini ya gauni la dhahabu, wataona. Na zaidi ya hofu kulikuwa na tamaa, tusifichane. Alitaka, angalau mara moja katika maisha yake, aingie mahali pa watu akiwa amevaa kama wenzake.

Siku moja kabla ya sendofu Clemensi akapiga simu. Clemensi anauza viatu vya mitumba, mke wake Anitha ni mteja wa saluni, na Doreen alikuwa amemwagiza amtafutie Nosim kiatu kikubwa cha kike. Alifungua belo jipya, akasema, limejaa viatu vya wanawake wa Ulaya, miguu kama milango, na kipo kimoja cha rangi ya dhahabu. Tatizo ni kwamba alikuwa ameshavipeleka mnadani, kwenye gulio la ng'ombe na mitumba, na siku ya mnada haachi meza.

"Vilete saluni," Doreen alimsihi.

"Nivilete halafu niibiwe vingine? Mwenye mguu aje. Na mitumba, dada, huwezi kununua kwa namba. Arobaini na nne ya hawa si ya wale. Aje avae."

Doreen alikata simu akamgeukia Nosim, na Nosim alikuwa ameshageuza uso kuangalia ukutani. Mnadani alikuwa haendi. Sababu yake Doreen aliijua, na aliijua kwa huyo huyo Clemensi. Wakati fulani Clemensi alikuja kuwachekesha na habari za kijana wa Kimaasai anayezunguka mnada mzima kichwa chini, anaangalia vumbi. Anamtafuta kaka yake. Picha hana, jina hataji kwa watu, anasema atamjua kwa unyayo. Wateja walicheka mpaka wakaomba maji. Nosim hakucheka hata kidogo, chanuo lilimdondoka.

Watu wa kule wanasoma udongo. Ng'ombe wao akichanganyika na wa watu wanamtoa kwa kwato, na mtu wa boma wanamjua alikopita hata kabla hawajamwona. Kijana huyo hakuwa mwingine, alikuwa Lekoko, mdogo wake, aliyemwacha akiwa mtoto wa kuchunga ndama. Kila asubuhi kule Arash Nosim alikuwa anatangulia na Lekoko anafuata nyuma, anakanyaga pale pale alipokanyaga mkubwa wake, ndio mchezo wao. Mguu wa kushoto wa Nosim ulikanyagwa na ng'ombe utotoni, kidole cha mwisho kikatoka nje kama kinamkimbia mwenzake. Uso wa mtu mtoto anaweza kuusahau. Unyayo ule Lekoko asingeusahau.

Na kama Lekoko yupo, baba mdogo Parmuat yupo, maana ndiye mwenye biashara ya ng'ombe. Mkono wa Parmuat Nosim aliujua. Hakuwa na shaka wanamtafutia nini. Watamrudisha kwa fimbo, au watamtangaza hapo hapo, na Karatu itakuwa imekwisha kwake.

"Usiende," Doreen alisema. "Tutafanya kingine."

"Kingine kipi?"

Hakikuwepo. Nosim akafunga kilemba, akavaa gauni refu na raba zake, akaenda.

Mnada ulikuwa umechemka. Vumbi jekundu limesimama hewani, mbuzi wanalia, nyama inachomwa, na watu wa mitumba wanaimba bei kwa sauti za kukauka. Nosim alipita mbali na upande wa ng'ombe, akajibana katikati ya akina mama wa ndizi, macho yakitafuta kila shuka nyekundu. Na shuka nyekundu mnadani ni nyingi, wewe! Kila moja ilimkata pumzi. Alipoifikia meza ya Clemensi, kwapa zilikuwa zimelowa.

"Dada Nosim! Karibu, mguu wako uko hapa!" Clemensi alipaza sauti, na Nosim akatamani kumziba mdomo.

Kiatu kilikuwa juu ya meza. Dhahabu, imefifia kidogo, kisigino kifupi, mkanda wa kifundo. Ukikiweka na vile vya Angelina, mpaka uchunguze ndio utaona tofauti. Nosim akavua raba zote mbili na soksi, akaingiza mguu wa kulia. Kiliingia chote. Vidole vikalala vimenyooka, kisigino kikakaa mahali pake, mkanda ukafunga na tundu likabaki. Akasimama, akakanyaga, akacheka peke yake. Kwa dakika hiyo alisahau Parmuat na ukoo wote.

"Lete na cha kushoto," alisema.

"Cha kushoto kiko kwa Anitha."

"Kwa Anitha wapi?"

"Kule mwisho, kwenye nyama." Clemensi alishangaa kuulizwa. "Mimi naweka nje mguu mmoja mmoja. Nikiweka pea nzima wanaondoka nayo. Nani ataiba kiatu kimoja? Ningojee hapo, niangalizie meza."

Akaenda. Huo ndio utaratibu wa wauza viatu wa mnadani wote, na Nosim aliujua, ila akili haikuwa mahali pake. Akabaki amesimama, kulia ana kiatu, kushoto yuko peku kwenye vumbi laini la mnada. Alijaribu kuusimamisha mguu kwenye ukingo wa turubai lililotandikwa kando ya meza, lakini lilikuwa limejaa viatu. Akautuliza juu ya mguu mwenzake, akayumba, akaukanyaga tena chini. Mteja mmoja akaja kuuliza bei ya buti, akamjibu hajui. Akasogea kumpisha. Kila aliposogea aliuacha ule mguu wa Arash ardhini, umechorwa vizuri, na kidole chake cha pembeni.

Ndipo alipomwona. Hakumjua kwa uso, alimjua kwa namna anavyotembea kichwa kimeinama, fimbo mgongoni, mikono imeikumbatia fimbo. Yule mtoto alikuwa amekuwa kijana mrefu mwembamba, kovu jipya shavuni, simu shingoni. Alikuwa anakuja polepole katikati ya meza za viatu. Watu walikuwa wanamgonga mabega na yeye hata hawatazami.

Nosim angeweza kukimbia. Lakini na nini miguuni? Raba zilikuwa zimesukumwa chini ya meza, na mtu mwenye kiatu kimoja cha dhahabu akikimbia mnadani nani hatamwangalia? Clemensi akatokea na kiatu cha kushoto mkononi, anahema. Nosim alikinyakua, akauingiza mguu na vumbi lake, akakosa tundu la mkanda, akalipata. Alipoinuka, Lekoko alikuwa amechuchumaa hatua chache kutoka pale, anaangalia chini.

Akaunyoosha mkono, akaupitisha juu ya alama bila kuigusa. Halafu akainua uso kwa Clemensi.

"Rafiki, nani amesimama hapa bila kiatu?"

"Hapo? Si huyu dada hapa, alikuwa anajaribu viatu," alisema Clemensi, na akamwonyesha kwa kidole. Hakuwa na nia mbaya, maskini. Mtu ameulizwa, akajibu.

Lekoko akatazama viatu vya dhahabu. Akapandisha macho kwenye gauni, kwenye mikono, kwenye kilemba. Nosim alimtazama kwa macho makavu.

"Si huyu," Lekoko alisema taratibu. "Huu ni mguu wa kaka yangu."

"Basi sijui. Wateja ni wengi," alisema Clemensi.

Lekoko hakuondoka. Alirudisha macho kwenye udongo, na alipoanza kusema, alimsemesha Clemensi, lakini uso hakuuelekeza kwa Clemensi. Aliuelekeza kwenye ule unyayo.

"Rafiki, mimi sitaki kumpeleka mahali. Mimi nataka kuoa. Kuna binti yuko Piyaya, ananitaka na mimi namtaka, ng'ombe wapo. Kwetu mdogo haoi kama mkubwa yupo na hajaoa. Mpaka mkubwa mwenyewe amfungulie njia. Wazee wananiuliza, kaka yako amekufa? Nawaambia sijui. Nikisema amekufa naoa kesho. Nitasemaje amekufa na mimi sijamzika? Baba yake huyo binti amesema mvua ikinyesha atamtoa kwa mwingine. Kwa hiyo mimi naangalia chini tu."

"Pole sana," alisema Clemensi. "Na akionekana, akakataa?"

"Asikatae. Alikuwa ananipenda."

Nosim akaelewa. Miaka yote hiyo, jamani! Amekwepa mnada, ameshtuka kila akiona shuka, amelala na nondo mlangoni, kumbe anamkimbia mtoto anayetaka kuoa. Alitaka kumkumbatia pale pale na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, yote kwa pamoja. Kinywa kikafunguka. Kabla sauti haijatoka, akamsikia mwingine akiita kwa Kimaasai kutoka upande wa ng'ombe, na sauti hiyo aliijua kwa ngozi ya mgongo.

Parmuat alifika akiwa ameshika fimbo ndefu, blanketi begani, anahesabika mzee sasa lakini kifua kile kile. "Fuso linapakia ng'ombe," alimwambia Lekoko kwa lugha yao. "Unaangalia nini?" Akatazama chini mwenyewe. Akaona.

"Ni mbichi," alisema Parmuat. "Upepo haujaugusa. Yuko hapa hapa."

Lekoko akasogea na katambuga zake juu ya ule unyayo, kama mtu anayebadilisha mguu kwa kuchoka. Akausugua. "Siyo," alisema. "Niliona vibaya."

Nosim akajua basi. Lekoko ameshamjua, na ameamua kumficha, na akimficha hivi mvua itanyesha na binti wa Piyaya atakwenda kwa mwingine. Angenyamaza tu yangekwisha. Viatu angevibeba, kesho angeingia ukumbini amemshika Doreen mkono, na hakuna mtu angemuuliza kitu.

"Mzee," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya saluni. "Mtu mnayemtafuta namfahamu. Alipita kazini kwetu. Alisema mdogo wake aoe. Njia ameifungua."

Clemensi akageuka kwa mshangao. Parmuat alimkazia macho huyu mwanamke mrefu wa mjini, kuanzia kilemba kushuka. Alipofika kwenye viatu alisimama kidogo, kisha akapanda tena.

"Wewe ni mtoto wa nani?" alimuuliza kwa Kimaasai.

"Nafanya kazi saluni," Nosim alijibu kwa Kiswahili.

"Umenisikia, basi unasikia lugha." Parmuat alisogea, fimbo imetangulia. "Mwambie huyo rafiki yako, neno la kubebwa na mwanamke wa barabarani halifungui njia ya mtu. Mkubwa anasimama mbele ya mdogo, anamtemea mate kwenye viganja, anambariki. Asipofanya hivyo, hajasema. Kama ana aibu ya kuja, abaki na aibu yake, na huyu abaki hivi hivi."

"Baba mdogo, twende," alisema Lekoko. "Fuso."

Hapo watu walikuwa wameanza kusimama. Mnadani ugomvi unanukia mbali, na mzee wa Kimaasai mwenye fimbo akimsogelea mwanamke aliyejipamba, nani atapita bila kuangalia? Nosim aliwaona, vijana wa bodaboda, mama wa ndizi, mteja wa buti. Mmoja angesema neno moja tu. Alijua kabisa nini kinafuata baada ya neno hilo.

"Lekoko," aliita. Alimwita kwa Kimaasai, kwa sauti yake mwenyewe, ile aliyokuwa anamwitia ndama wakipotea. "Lete mikono."

Kijana akadondosha fimbo. Akaunganisha viganja, akavileta mbele na kichwa kimeinama. Nosim akavishika kwa chini, akavitemea mate kidogo kidogo, mara nyingine na mara nyingine tena, jinsi baba yao alivyokuwa akiwabariki asubuhi. Alisema aoe, azae, ng'ombe wake wanywe maji, mke wake acheke ndani ya nyumba yake. Machozi yalimshuka yakaanguka humo humo viganjani, na hakuyafuta.

Fimbo ya Parmuat iliinuka. Nosim aliiona kwa pembe ya jicho na hakuiachia mikono ya Lekoko. Alikaza shingo akasubiri. Ilikaa juu, ikakaa, halafu ikashuka ikachoma vumbini, na mzee akaiegemea kwa mikono yote miwili.

"Njia imefunguka," alisema Parmuat. "Nimeona kwa macho yangu. Nitawaambia wazee nimeona mkubwa akimbariki mdogo. Wakiniuliza mengine, mengine sikuangalia."

Alianza kuondoka. Akasimama bila kugeuka.

"Mama yako ataniuliza kama unakula."

"Nakula, baba mdogo."

"Nitamwambia."

Lekoko alimfuata. Alitembea na viganja vimefungwa mbele ya kifua, amevibana, fimbo yake ameisahau chini, na alipogeuka kumwangalia mkubwa wake mara ya mwisho hakuweza kupunga mkono. Alimtazama tu na kucheka na kulia. Kisha shuka nyekundu zikaingia katikati ya shuka nyekundu nyingine.

Waliokuwa wamesimama, walipoona hakuna aliyepigwa, wakarudi kwenye bei zao. Nosim akabaki ameshika meza ya Clemensi.

"Dada Nosim," Clemensi alisema, bado ameduwaa, "mbona umemtemea mate mtoto wa watu?"

Nosim angeweza kusema ni mila zao tu. Clemensi asingeuliza zaidi. Alivuta pumzi.

"Ni mdogo wangu," alisema.

Clemensi akaangalia pale chini palipokuwa na unyayo uliosuguliwa. Akaangalia walikoelekea wale wawili, akarudi kwenye viatu vya dhahabu. Nosim alimsubiri. Hakuwa na nguvu ya kufanya kitu kingine.

Clemensi akainama, akazitoa zile raba chini ya meza, akazipangusa vumbi kwa mkono.

"Nikufungie viatu, dada," aliuliza, "au unaondoka navyo mguuni?"

"Naondoka navyo."